Mawe ya Kusagia kwenye Ukuta wa Kanisa

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Si ya moto, lakini inachoma pua. Si ya udongo, lakini ukifumba macho utadhani mvua ya kwanza imeangukia majivu. Juzi nilipita nyuma ya nyumba inayojengwa hapa Bombambili, Songea mjini, vijana wanazima chokaa kwenye pipa lililokatwa, nikasimama na kikapu changu cha mchicha mpaka mmoja akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia sijapotea. Labda ingekuwa kweli zaidi kama ningemwambia nimerudi kwetu, kwenye kiangazi kimoja nikiwa darasa la nne, kanisa la kijiji chetu lilipofanyiwa matengenezo na bibi yangu akadai jiwe lake. Mimi shule niliishia la saba, na kuandika kwangu ni kwa daftari la kila siku: mvua imenyesha, nyanya zimeoza, fulani amejifungua. Sina hakika kama jambo hili naliweza. Nitaliandika nilivyoliona, na pale nisipojua nitasema sijui. Jina la kijiji nitaliacha, kwa sababu wazee nitakaowataja watoto wao wapo, na tunasalimiana vizuri.

Kanisa letu liko juu ya kilima kidogo, ukitoka Songea mjini na baiskeli unafika kabla jua halijawa kali. Ni la matofali ya kuchoma, kuta zake nene, ndani kuna ubaridi hata mwezi wa kumi, na popo wamekaa kwenye dari tangu sijazaliwa. Lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani muda si mrefu baada ya Vita vya Majimaji. Kwenye mafundisho tuliambiwa "lilijengwa na mapadri," na mimi kwa akili ya utoto nikawa nawaona mapadri wale wenye ndevu wakipanga matofali wenyewe, kanzu zimekunjwa kiunoni. Mmoja wao amezikwa nyuma ya kanisa, na bibi yangu ndiye aliyekuwa akifagia kaburi lake kila Jumamosi, kwa ufagio uleule aliofagilia uani kwake. Kuhusu vita tulijua kwamba wakubwa wetu walinyongwa mjini, na kwamba baada ya hapo ilikuja njaa. Lakini vita vilikuwa somo la shule, na kanisa lilikuwa kanisa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mambo hayo mawili yanaishi nyumba moja.

Mwaka ule lipu ya nje, sehemu ya chini, ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Baba Askofu alitarajiwa kuja kutoa kipaimara baada ya mavuno, kwa hiyo kamati ya kigango ikaamua lipu yote ya chini ivunjwe, ipigwe upya na kupakwa chokaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Ngonyani, mtu mrefu, msafi, aliyevaa koti hata jua likiwa la utosi. Baba yake alikuwa katekista wa mwanzo kabisa pale kwetu, na Mzee Ngonyani aliliangalia kanisa lile kama mtu anavyoangalia shamba aliloachiwa na baba. Fundi aliletwa kutoka Njombe. Aliitwa Kaduma, Mbena, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wangoni na Wabena ni watani. Zamani walipigana, wakanyang'anyana ng'ombe na wanawake, na walipochoka kupigana wakabaki na haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Kwenye msiba haki hiyo inakuwa kubwa zaidi. Mtani anaweza kuingia kwenye kaburi lililochimbwa akalala humo, anaweza kukalia sufuria ya wali, na wafiwa hawana la kufanya ila kumkomboa kwa chochote anachotaka, huku machozi yamekutana na kicheko.

Siku ya kwanza Fundi Kaduma alipita kwetu kuomba maji ya kunywa. Bibi alikuwa anapepeta mahindi.

"Kamwene, mke wangu," fundi akasalimia kwa Kibena. "Babu zako walituibia ng'ombe. Nimekuja kukuchukua wewe, yaishe."

"Ng'ombe gani?" bibi akamjibu, hata ungo haukusimama. "Ninyi mlikuwa na ng'ombe au mlikuwa na mbwa?"

"Mbwa walikuwa wa kitoweo. Ng'ombe tuliwaweka kwa ajili ya mahari yako."

"Basi nenda kaoge kwanza. Siolewi na mtu anayenuka pombe ya ulanzi asubuhi."

Bibi alicheka mpaka pumba zikamwingia machoni. Tangu siku hiyo fundi akawa anakula kwetu mchana, na kila mlo ulikuwa vita.

Kazi yetu watoto na akina mama ilikuwa kuteka maji mtoni na kuzoa vipande vya lipu. Fundi alikuwa anagonga kwa nyundo, lipu inaanguka kwa mabamba, vumbi jeupe linatufanya wote tuonekane wazee. Alianzia mlango mkubwa, akazunguka upande wa machweo, na hapo, usawa wa goti langu, msingi wa mawe ukaanza kuonekana. Nakumbuka aliacha kugonga. Mawe ya upande ule hayakuwa kama mengine. Kila moja lilikuwa na shimo la kina kifupi katikati, laini kama ndani ya sahani, na mashimo yote yalitazama nje, yamepangwa moja baada ya jingine mpaka kwenye kona. Fundi akasema, "Tazameni, Wajerumani walikuwa wanachonga mabeseni." Wanaume wakacheka. Akina mama hawakucheka. Niliona mmoja anashusha ndoo yake, halafu mwingine, halafu bibi. Bibi akapiga magoti, akaingiza kiganja ndani ya shimo la jiwe la karibu, akakizungusha pole pole. "Haya ni mawe ya kusagia," akasema. "Kila moja hapa lina mwenyewe."

Nyumbani kwetu, kando ya mafiga, lilikuwepo jiwe jeusi la mviringo, la kushika kwa mikono miwili, limelika upande mmoja. Mimi nilikuwa nalitumia kuvunjia njugu mawe na sikuwahi kuuliza habari zake. Jioni ile bibi alilichukua, akalifunga kwenye kanga mgongoni kama mtoto, akarudi nalo kanisani, na mimi nyuma yake. Alipita kwenye mawe yale akiyapapasa, mpaka akafika la kona. Shimo la jiwe hilo lilikuwa limezama zaidi upande mmoja. Katika ukoo wa bibi wanawake hutumia mkono wa kushoto: yeye, mama yake, bibi yake aliyempa jina, na mimi, ambaye mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa vidole mpaka nikajifunza kuandika kwa kulia. Bibi akatoa jiwe dogo mgongoni, akaliegemeza kwenye shimo. Likakaa. Nililiona likikaa. Lakini lazima niseme pia kwamba jiwe linaweza kulika upande kwa sababu liliwekwa vibaya sakafuni, na kwamba nilikuwa mtoto niliyetaka likae. Sijui. Bibi alijua, au alisema anajua.

Ndipo akanisimulia, tumekaa chini palepale, migongo yetu imeegemea ukuta uliochubuka. Baada ya vita askari walichoma maghala na mashamba, watu wakala mizizi, wakala majani ambayo mbuzi huyaacha. Bibi yake alikuwa na mtoto mdogo, ndiye aliyekuja kuwa mama wa bibi yangu. Ikasikika kwamba misheni wanagawa kibaba cha ulezi kwa kila atakayeleta jiwe la kujengea. Mawe ya mlimani yalikuwa mbali na nguvu zilikuwa zimekwisha. Jiwe la karibu lilikuwa lile la ndani ya nyumba, ambalo muda mrefu halikuwa na kitu cha kusaga. Akaliinua, akalibeba, akalitoa. Wakampa ulezi. "Akarudi nyumbani na ulezi," bibi akasema, "hana pa kuusagia. Akauchemsha hivyohivyo, mzima, mama yangu akala." Jiwe dogo la juu hawakulitaka, halikufaa kwenye msingi. Ndilo lililobaki.

Sasa, kwetu ilikuwa hivi. Mwanamke akifa, jiwe lake la kusagia linageuzwa kifudifudi, linalala hivyo mpaka matanga yaishe. Kisha mjukuu aliyerithi jina lake analiosha, analigeuza chali, anasaga ulezi wa kwanza, unapikwa togwa, watu wanakunywa, na hapo ndipo marehemu anahesabiwa kuwa amepumzika. Bibi yangu alirithi jina, lakini jiwe halikuwepo la kugeuza. Alikuwa mzee tayari, miguu imevimba, na maisha yake yote alibeba jina la mtu ambaye matanga yake hayajaisha. Hakuwa anataka fidia, wala hakuwa anataka kugombana na kanisa. Alitaka jiwe litoke ukutani, aligeuze, kabla na yeye hajaondoka. Hilo tu.

Jumapili baada ya ibada watu wakabaki kuzungumza. Mzee Ngonyani alisema alivyosikia kwa baba yake: kwamba waumini wale wa kwanza walitoa mawe kwa moyo, kama sadaka, na sadaka hairudishwi. Akasema tukiyaacha wazi, watoto watakua wakilichukia kanisa. Mwalimu Komba, aliyetufundisha historia, akasimama akasema hakuna sadaka ya mtu mwenye njaa, kwamba yeye amesikia askari walipita nyumba kwa nyumba wakiyakusanya, na yote yatolewe hata kama ukuta utaanguka. Bibi akasema la kwake, la jiwe na kibaba cha ulezi. Mwalimu akamgeukia kwa heshima, "Shikamoo bibi, lakini waliochoma maghala na waliogawa ulezi walitoka nchi moja."

"Marahaba, mwanangu. Hilo nalijua," bibi akasema. "Lakini aliyekuwa na njaa alikuwa mama yangu."

Nimefikiri sana juu ya hao watatu na sijaweza kumtoa mmoja nje. Inawezekana kila jiwe lilifika pale kwa njia yake. Mzee Ngonyani hakuwa mtu mbaya, na hofu yake ilikuwa ya kweli: baba yake alilala chini ya udongo uleule akiamini alichokiamini. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Akamwambia fundi kesho yake apige lipu, kona ile kwanza, maana Askofu hatangoji. Bibi hakubisha. Alirudi nyumbani akaliweka jiwe dogo mahali pake kando ya mafiga, na mchana ule hakula.

Asubuhi tulipopandisha maji kilimani tulisikia mtu analia. Si kilio cha kuumia, ni kile cha msibani, cha kuimba. Fundi Kaduma alikuwa amekaa juu ya rundo la chokaa, ndoo ameivaa kichwani, mwiko wake ameukumbatia, anaomboleza kwa Kibena, na kila akikata pumzi anachungulia chini ya ndoo kuona nani amekuja. Watu wakajaa. Mzee Ngonyani akafika akiwa na koti lake.

"Fundi, umelewa?"

"Nimefiwa, mzee. Wake zangu wamekufa."

"Wake zako gani?"

"Hao hapo ukutani. Wangoni mmejisifu mikuki miaka yote, kumbe nyumba yenu ya Mungu imebebwa na majiko ya wanawake! Walikufa njaa, hamkulia, hamkupika togwa, halafu mnaniambia mimi nizibe kaburi? Leo hapa ni msiba, na kwenye msiba wa Wangoni mimi ndiye mwenye amri. Chokaa nimeikalia. Anayeitaka anikomboe."

Nilimwangalia Mzee Ngonyani. Angekuwa Mngoni mwenzake aliyesema hayo, yangekuwa matusi, na sidhani kama wangesalimiana tena. Angekuwa Mwalimu Komba, yangekuwa ubishi wa jana. Lakini mtani hakasirikiwi, na zaidi ya hapo, mtani akishasema ni msiba, huwezi kusimama ukasema si msiba, maana utakuwa umewakana marehemu wako mbele za watu. Mzee akavua kofia. "Unataka nini, Mbena mwizi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa nzito, lakini lilikuwa jibu la utani, na watu wote wakashusha pumzi.

"Togwa. Na jiwe la mke wangu mkubwa ligeuzwe."

Akina mama walilowesha ulezi siku ileile, ukaota, ukaanikwa. Ulipokauka, wanaume wakaleta mirunda, fundi akaitegemeza kona ile juu na pembeni, akagonga taratibu kwa patasi, sikio lake karibu na ukuta kama anasikiliza mgonjwa. Jiwe lilipochomoka, vumbi likamwagika, ukuta haukuanguka. Wanaume walilibeba mpaka uwanjani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona ajabu nyuma yake, alama, jina, chochote. Palikuwa na tope kavu na nyumba ya nyigu. Bibi alilalisha jiwe kifudifudi kwa msaada wa mikono mingi, akaliacha hivyo huku katekista akisali na akina mama wakiimba wimbo wa kilio wa Kingoni, sala na wimbo vikikatizana bila mtu kuona tatizo. Akaliosha. Likageuzwa chali. Akaniita nipige magoti upande wa pili, nimwage ulezi kidogo kidogo, naye akashika jiwe dogo na kuanza kusaga, mwili wake wote umeegemea kushoto. Sauti ile ya jiwe juu ya jiwe sikuwa nimewahi kuisikia, sisi tulikuwa watu wa mashine tayari. Unga ukatoka mweusi mwekundu, ukinukia kama mvua. Ukapikwa togwa, na Mzee Ngonyani naye alikunywa. Alikunywa ya pili pia, na fundi akamwambia anakunywa kama mtu asiyelipa.

Tulidhani sasa jiwe litakwenda kwetu. Baba yangu alikuwa ameshaazima toroli. Lakini bibi alikaa chini, anapumua, mkono wake ndani ya shimo la jiwe, akasema, "Lirudisheni." Mwalimu Komba akamuuliza kama amesikia vizuri. Bibi akasema, "Alilitoa ili mama yangu ale, na mama yangu alikula. Nikilibeba kwenda nyumbani ni kama nimempokonya yule mtoto bakuli. Lirudisheni pale alipoliacha. Ila msilifunike. Wala hayo mengine. Anayekuja kusali ayaone kwanza, ndiyo aingie." Kisha akamtazama Mzee Ngonyani, na mzee akaitikia kwa kichwa. Fundi akalirudisha, akapiga lipu juu tu, kuanzia mstari wa matofali. Baba Askofu alipokuja aliuliza mawe yale ni nini, na aliyemweleza ni Mzee Ngonyani mwenyewe. Sikuwa karibu, sikusikia alivyosema. Nilimwona Askofu akiinama.

Bibi alifariki masika yaliyofuata. Fundi Kaduma alifika kutoka Njombe akajilaza mlangoni mwa nyumba, akazuia jeneza lisitoke mpaka arudishiwe ng'ombe wake. Miaka mingi baadaye, alipofariki yeye, mimi ndiye niliyetoka Songea kwenda kwao. Nilikuwa naogopa, mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini nilikaa juu ya udongo wa kaburi nikamwambia marehemu hazikwi mpaka aoge, ananuka ulanzi. Watoto wake walicheka huku wanalia. Wakanikomboa kwa mwiko wake.

Sasa hivi kanisa lile lina bati la rangi na vipaza sauti, na popo wamehama. Mwaka jana kamati mpya ilitaka kuweka vigae sehemu ya chini ya ukuta, kuzunguka kanisa lote. Kijana mmoja alituonyesha picha kwenye simu, vilikuwa vizuri kweli, sitaki kumsingizia. Niliomba nafasi nikasimama. Nilisema sina hakika kama jiwe la kona lilikuwa letu, sina hakika kama mawe yale yaliporwa au yalitolewa, nina hakika tu kwamba yalikuwa ya wanawake na kwamba walikuwa na njaa. Nikakaa kabla sijamaliza. Vigae vimewekwa. Vimeishia usawa wa mlango wa pembeni, na upande wa machweo umeachwa kama ulivyo.

Jiwe dogo ninalo hapa Bombambili, kando ya jiko la gesi. Nikienda kijijini nalibeba, na ulezi wa kujaza kiganja. Napiga magoti kwenye kona, naupondaponda ndani ya shimo kwa mkono wangu wa kushoto, ambao siku hizi hakuna anayeuchapa. Jiwe limesimama, kwa hiyo karibu wote unadondoka chini. Zamani mtu alileta jiwe hapa akapewa ulezi. Mimi naleta ulezi na jiwe naliacha ukutani. Kuku wa katekista wananijua sasa. Wakiniona nimeinama wanakuja mbio kutoka nyuma kwenye kaburi la padri, wanakula mpaka punje ya mwisho, na mimi huwa sinyanyuki mpaka washibe.